Utepe Wenye Ng'ombe wa Kijani

Skeldale, Yorkshire
Ijumaa, 11 Oktoba 2024

Mpendwa dada yangu Marian,

Nakusalimu wewe, shemeji Alan na wapwa zangu wawili, nikitumaini mmeamka wazima na kondoo wenu wanazaa bila taabu, maana najua huko New Zealand mwezi huu ndio mko nao usiku na mchana. Sisi huku tu wazima kwa kiasi chetu. Wifi yako Janet anasumbuliwa na mgongo lakini mdomo haujaugua, anakusalimu sana. Mimi ninalo goti la kulia ambalo limeanza kutabiri mvua, na kwa kuwa hapa mvua hukosa kunyesha siku mbili tu kwa mwaka, halijawahi kukosea.

Utashangaa kuona barua badala ya simu. Nimechukua karatasi nzuri zile za Mama, zenye maua pembeni, na nimekaa mezani jikoni tangu saa kumi na mbili asubuhi. Nivumilie. Mwandiko wangu unaujua, ni ule wa kuandika "jibini, weka mahali pa baridi" juu ya maboksi kiwandani kwa miaka thelathini na mbili.

Habari ya kwanza ni hii, na ucheke umalize: nimenunua pikipiki. Si ya kwendea dukani. Ni ya mchezo wetu wa kupanda mawe, haina kiti, nyembamba kama mbuzi wa Februari. Nina umri wa miaka hamsini na sita, Marian, na tumbo unalolikumbuka limepata mdogo wake. Janet alipoiona nyuma ya gari aliuliza ni ya nani. Nilipomwambia ni yangu, alisema wanaume wengine wakifikia umri huu hutafuta mwanamke, na mwanamke angalau angejua kupika.

Watu wa klabu walifurahi kupita kiasi. Terry Calvert, yule katibu mwenye masikio, alitangaza mbele ya wote kwamba msimu huu kutakuwa na kundi jipya la washindani, kundi la wabeba jibini, na kwamba waamuzi waongezewe karatasi kwa sababu pointi zangu hazitaenea kwenye moja. Kama umesahau hesabu zetu huko mbali: mguu ukigusa chini ni pointi moja, injini ikizima katikati ya kipande cha mawe ni pointi tano, na mwenye pointi chache ndiye bingwa. Kwa hesabu hiyo mimi nitakuwa tajiri.

Niliinunua kwa mtu mmoja upande wa Kirkby Stephen. Alikuwa ameiosha ikang'aa, ameibandika stika mpya, akaniambia ni ya mwaka elfu mbili na kumi na nne na ilikuwa ikitumiwa na binti yake siku za Jumapili tu. Mimi nilizunguka nikagonga gonga matairi kama nilivyomwona Baba akifanya mnadani kwa ng'ombe, nikatikisa kichwa, nikalipa. Sikutikisa gurudumu la nyuma kushoto na kulia. Sikupitisha kidole kwenye spoki zake. Sikutazama meno ya sproketi, kile kigurudumu kinachovutwa na cheni, ambayo yalikuwa yamechongoka kama ya papa. Hayo yote niliambiwa baadaye, tena kwa lugha ambayo siwezi kuiandika kwenye karatasi za Mama.

Aliyeniambia ni mkweo, baba yake Alan.

Usiichane barua, dada. Nakuomba uisome mpaka mwisho ndipo uamue, na Alan naye aisome. Najua hilo jina halitajwi nyumbani kwenu. Hata hapa halitajwi sana. Tangu mazishi ya ndugu yetu Keith sikuwahi kuvuka mlango wa Norris Sunter, na si mimi peke yangu. Hakuna aliyemwita tena kusimamia kipande cha mashindano. Kanisani benchi lake lina nafasi ya watu watano, na huketi yeye tu. Mkewe Edith alipofariki na Alan akatuma maua bila kuja mwenyewe, waliobeba jeneza walikuwa sita, na wawili kati yao walikuwa watu wa kampuni ya mazishi.

Ana miaka themanini na moja sasa. Mapafu yamekwisha. Amewekewa mpira puani na chupa ya hewa ya kukokota kwenye magurudumu, na huikokota mpaka bandani kwa sababu, asema, nyumbani hakuna wa kumtukana. Nilipofika na pikipiki mwezi wa nane, alitoka akasimama mlangoni. Nilidhani atanifukuza. Alichosema ni kwamba, kama nimekuja kumwonyesha uchafu, yeye anao wake, lakini kwa kuwa nimeshafika, niuingize ndani mvua isiuharibu zaidi.

Akakaa juu ya kreti la maziwa akaniuliza ni ya mwaka gani. Nikamwambia wa kumi na nne, na karatasi nikamwonyesha. Hakuitazama karatasi. Aliniambia nipige magoti pale mbele, penye shingo ya fremu, nikwangue rangi kwa ukucha, kwa sababu stika hudanganya, na muuzaji hudanganya, lakini chuma hakijafundishwa bado. Nikakwangua. Akainama na mpira wake wa hewa, akapapasa zile namba kwa kidole gumba kama mtu anayesoma uso wa mtoto gizani. Akafika herufi ya kumi akasimama. Akasema hiyo ndiyo ya mwaka, ni B, na B ni kumi na moja, si kumi na nne, na binti wa yule bwana, kama yupo, alikuwa mzito sana. Kisha akaendelea mpaka namba ya mwisho. Akatoa leso akafuta vidole vyake polepole, kimoja kimoja, hata vile ambavyo havikugusa kitu. Akasema ni pikipiki nzuri. Nije Jumamosi.

Basi nimekwenda kila Jumamosi, wiki saba. Nilikuwa mwanafunzi mbaya kuliko wote aliowahi kuwapata, na alinihakikishia hivyo kila mara. Aliniita "kijana". Akichoka aliniita "we mfunga maboksi". Wiki ya kwanza nilisafisha chujio la hewa nikalirudisha likiwa kavu, nikajisifu. Akaniuliza kama na mkate huwa nakula bila siagi. Chujio la sponji lisilopakwa mafuta, alisema, ni dirisha tu, vumbi linapita linakusalimia. Wiki ya pili tulifungua mkono wa gurudumu la nyuma, na beringi zilizomo ndani zilitoka zikiwa kutu tupu, kwa sababu kila aliyeimiliki aliiosha kwa maji ya mpira na hakuna aliyetia grisi. Wiki nyingine cheni na sproketi. Nyingine kusugua breki. Nyingine mafuta ya gia, niliyoyamwaga ndani ya kiatu changu.

Mengine yalinishangaza. Nilikaza mikono ya klachi na breki kwenye usukani mpaka spana ikalia, nikidhani nimefanya kazi ya kiume. Akanilegezea. Kwenye mchezo huu, alisema, kila kitu kitaanguka, kwa hiyo unaukaza mkono kiasi cha kutolegea ukiendesha, ila ukipigwa na jiwe uzunguke wenyewe badala ya kuvunjika. Kisha akanitazama juu ya miwani yake akasema kuna watu pia wanaofaa kukazwa hivyo hivyo. Tairi nililijaza upepo kama la gari. Alilitoboa kwa maneno kwanza, halafu akatoa upepo mpaka likawa laini kama shavu, lishike mawe.

Nakuandikia haya yote, Marian, kwa kuwa zilikuwa Jumamosi nzuri, na sikustahili hata moja. Alikuwa akinisubiri. Nilikuwa napeleka keki ya zabibu kavu ya Janet na kipande cha jibini, tunakula tumekaa juu ya makreti, na yeye alikuwa akiuliza habari zenu kwa kuzunguka zunguka. Hakusema Alan. Alikuwa akiuliza kama huko New Zealand malisho ni mazuri. Akiuliza kama mvua huwa inatosha. Mara moja tu aliniuliza yule mtoto mdogo amefikia wapi kwa urefu, nikamwonyesha kwa mkono, naye akanyoosha mkono wake akauweka pale pale hewani nilipotoa wangu.

Lakini kulikuwa na kazi moja iliyokuwa ikingoja. Tangi lilikuwa halijafunguliwa. Bolti yake moja ilikuwa imeganda, na kila Jumamosi nilipoikaribia Norris alisema iachwe ilowe mafuta, bado. Nami sikumbishia.

Sasa nafika kwenye jambo lililonikalisha hapa tangu alfajiri. Nimekwisha kuinuka mara tatu. Mara moja kulisha mbwa, ambaye alikuwa ameshakula.

Nilikudanganya hapo juu. Sikuinunua ile pikipiki kwa upuuzi wa uzee. Nimeitafuta miaka kumi na mmoja. Baba alipoiuza ili isikae tena machoni pake, mimi nilianza kusoma matangazo, kila wiki, mezani hapa hapa, Janet akidhani natafuta trekta. Namba ya fremu niliijua kwa moyo. Ni ya Keith, Marian. Ni pikipiki ya ndugu yetu.

Unakumbuka utepe wa kiwandani, ule wa kufungia maboksi, mweupe wenye vichwa vya ng'ombe wa kijani mfululizo. Ulikuwa ukinicheka kwamba siendi hata msalani bila kuwa nao mfukoni. Nilifungia miwani ya Baba, bomba la jikoni, na begi lako siku mnaondoka. Ulisema utafika nusu ya dunia na ng'ombe wangu wakikutazama.

Siku ile ya mashindano ya Korongo la Hagg nilikuwa nao pia. Klabu ilikuwa imeleta ile kanuni mpya ya kamba: kifuniko cha sumaku kwenye usukani, kamba mkononi mwa mwendeshaji, akianguka kifuniko kinang'oka na injini inazima. Wanaume walinung'unika msimu mzima. Cha Keith kilikuwa kibovu. Kwenye kipande cha tatu kilicheza kwa mtetemo, injini ikazima, pointi tano. Kwenye cha tano, tano tena. Alikuwa anaongoza, na lile kombe la bonde hakuwahi kulipata, na unajua alivyolitaka. Mimi nilikuwa mbeba mkoba wake, sijui hata kuwasha pikipiki, lakini waya nilijua kuuchomoa.

Wakati wa chakula cha mchana, Keith akiwa amekwenda kumtania Terry, niliingiza mkono chini ya tangi, nikachomoa waya wa ile kamba, nikaufunga ncha kwa utepe wangu, nikausukuma ndani kabisa. Kamba ikabaki mkononi mwake, kwa macho ya wakaguzi. Haikuwa na kazi tena. Keith hakujua. Nataka ulijue hili kuliko yote: hakuniomba, na hakujua. Nilitaka ashinde halafu jioni nimwambie, tucheke.

Kwenye kipande cha nane, penye ngazi za maporomoko, alikuwa wa mwisho kupita, na Norris alikuwa mwamuzi peke yake pale. Mimi nilikuwa chini kidogo, getini, nikila pai. Nikasikia injini ikipanda. Nikangoja ishuke. Haikushuka, Marian. Ililia, ikalia, ikalia. Nilijua papo hapo kwa nini hailali. Nilikimbia na pai mkononi. Nilipofika ilikuwa imekwisha kunyamaza, kulikuwa na sauti ya maji tu, na Norris amekaa ndani ya kijito amempakata.

Mengine unayakumbuka. Kwenye uchunguzi wa kifo, mkweo alisimama akasema pikipiki ilikuwa inanguruma juu ya Keith, gurudumu linazunguka kwa nguvu zote, kila alipoishika ilimtupa kwenye mawe, na hakuweza kuiinua mpaka maji yalipoingia na kuiua. Wakamwuliza itawezekanaje, kamba ilikutwa imeng'oka, kwa hiyo injini ilikuwa imekwisha kuzima. Pikipiki iliyozima, kilo sabini, hata mtu wa miaka sabini angeiinua. Akasema, ilikuwa inanguruma. Wakamwuliza mara ya tatu, na alisema hivyo hivyo. Ndipo mchunguzi akaniita mimi akaniuliza kama nilisikia injini. Nilisema nilisikia maji.

Hakuna aliyefungua tangi.

Na nje, ngazini, watu walipokuwa wakijiuliza mzee mwenye heshima zake atadanganya kwa nini, kuna mtu alisema kwamba siku ile Norris alikuwa na chupa yake mfukoni. Alan alikuwa amesimama pale. Nilimwona alivyogeuka rangi. Aliyesema ni mimi. Ilikuwa kweli kwamba alikuwa na chupa. Ilikuwa ya chai, na mimi mwenyewe nilikuwa nimeinywea asubuhi.

Kwenye mazishi alikunyooshea mkono nawe ukamwambia asikuguse, na Alan akakushika bega akamgeuzia baba yake mgongo. Nilikuwa kati yenu, nimeshika kofia ya Keith. Ningeweza kusema pale. Ningeweza kusema siku yoyote kati ya siku elfu nne zilizofuata. Badala yake nikawafunga begi.

Utaniuliza kwa nini basi, nilipoipata, nikaipeleka kwake yeye. Nilikuwa na haja ya kutoa ule utepe kabla mtu mwingine hajaukuta, na nilishindwa na bolti. Fundi wa mjini angeuona na angeuliza. Nikafikiri nani anajua pikipiki hizi, na macho yake ni mabovu. Hiyo ndiyo sababu niliyojipa. Iko nyingine chini yake, na leo nimeapa nisiache kitu. Nilimchagua yeye kwa sababu hata akiona, nani atamsikiliza? Tulikuwa tumekwisha kumfanya mwongo.

Jumanne wiki hii alinipigia simu, akasema nije, nisingoje Jumamosi. Nesi alikuwa ametoka kwake. Nilimkuta bandani amejifunika blanketi la farasi. Akaniambia kuna baridi, niende nikachemshe chai. Bolti ilikuwa bado imeganda, na yeye hana nguvu ya kuinua hata birika, kwa hiyo nikaenda.

Niliporudi na vikombe viwili, tangi lilikuwa juu ya majani makavu. Spana ilikuwa kando yake. Alikuwa amekaa, miwani juu ya paji la uso, na ule waya kati ya vidole vyake viwili. Ng'ombe wawili na nusu. Rangi yao haijapauka hata kidogo.

Hakupaza sauti. Alisema ile bolti haikuganda kamwe, angeifungua siku ya kwanza. Aliijua pikipiki tangu alipofika namba ya mwisho, kwa sababu yeye ndiye aliyeikagua asubuhi ya siku ile na aliiandika kwenye daftari lake, na daftari hilo amelisoma zaidi ya Biblia. Miaka yote alijua lazima iwe waya, ila hakujua mkono wa nani. Nilipoileta mwenyewe mlangoni, akajua. Akasema alikuwa akinitafutia kila Jumamosi kazi ya mbali na tangi, kuniachia nafasi. Beringi, breki, cheni. Alidhani labda kwenye mafuta ya gia nitasema. Sasa kazi zimemwishia, na siku pia.

Halafu akasema, "Haikuzima, Desmond. Ilinguruma mpaka maji yalipoiingia. Uliisikia?"

Nikasema niliisikia.

Akafumba macho. Akasema, rudia. Nikarudia. Vikombe vyote viwili vilikuwa bado mkononi mwangu na chai inamwagika kwenye vidole, na sikujua.

Hakunitukana. Ningefurahi kama angenitukana. Alinionyesha jinsi ya kusafisha ncha ya waya na kuurudisha mahali pake, nikafanya mimi, akinisahihisha kama Jumamosi zote. Tukarudisha tangi. Akanifunga kamba mkononi, akaniambia niwashe. Ikawaka. Akaniambia nirudi nyuma. Nikarudi hatua moja, kamba ikavutika, kifuniko kikang'oka, ikazima. Kimya. Akasema tena. Tulifanya mara tatu. Mara ya tatu aliinua kidole nisiseme, akawa anausikiliza ule ukimya, mpaka alipochoka.

Nilimwambia nitasimama mbele ya klabu nzima, na nitakwenda polisi, na kweli Jumatatu nitakwenda, na Terry nimekwisha kumwambia apange kikao. Janet anajua tangu juzi. Analala chumba cha mtoto. Lakini Norris alisema bonde hili litajijua lenyewe. Yeye anataka mtu mmoja tu ajue. Hataki aje, njia ni ndefu na kondoo wanazaa. Aambiwe tu, kwa maneno yake haya haya: kwamba baba yake hakulewa na hakusema uongo.

Alan, kama unasoma wewe sasa, hayo ndiyo maneno yake, na mimi ndiye niliyekunyima miaka kumi na mmoja.

Sasa nimefika hapa nimeangalia kalenda ya posta iliyo ukutani. Barua hii itachukua siku kumi kuwafikia, labda kumi na mbili. Jana nesi aliniambia mlangoni, bila kuzunguka, kwamba Norris hana wiki. Nilijua hivyo nilipochukua karatasi za Mama. Nimekaa hapa masaa mawili nikiandika kwa uzuri, na kumbe nimechagua tena njia ambayo itafika wakati hakuna wa kuisikia. Karatasi haina sauti ya kuniuliza kitu, Marian. Ndiyo maana niliipenda.

Kwa hiyo nikishatia sahihi nitainua simu. Hapa ni saa mbili asubuhi, kwenu ni saa mbili usiku, mishale ya saa zetu imekaa mahali pamoja, na Alan atakuwa ametoka kuangalia kondoo. Namba ya mkweo haijabadilika. Simu ameiweka kwenye kiti kando ya kitanda chake.

Barua hii nitaituma hata hivyo, kwa sababu kwenye simu nitalia na kusema vibaya, na mnastahili kuwa nayo yote kwa maandishi na sahihi, mkitaka kuipeleka popote. Ndani ya bahasha nimeweka ule utepe. Norris aliubandua mwenyewe akanipa. Kama unaisoma na Ijumaa ile simu ya nyumbani kwenu haikulia, basi utajua nilitia sahihi nikakaa tu, na usiniite tena kaka.

Wabusu wapwa zangu. Waambie babu yao wa huku aliuliza urefu wa yule mdogo. Janet anakusalimu, na salamu zake ni safi, hazina kosa. Msalimie Alan, kama ataipokea.

Ni mimi kaka yako, ukipenda,

Desmond